Tasbihi Kumi za Barabara ya Bungoma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyelipa jua mapito yake na mwezi vituo vyake, kila kimoja kikienda kwa zamu yake bila kumgonga mwenzake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyekuwa mwaminifu kwa watu kabla hajawa mwalimu wao. Namshukuru Mola aliyenibakisha mpaka nikaota mvi, akanipa subira ya kukaa na kalamu, na akanikumbusha mtu mmoja ambaye bila yeye nisingeijua maana ya amana.

Mtu huyo ni Fundi Wekesa, aliyekuwa akitengeneza magari Bungoma. Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Ndalu, nyumbani kwao, nikaambiwa kwamba amefariki na atazikwa Jumamosi. Nilipoweka simu chini nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la vitabu vyangu, nikainua juzuu za juu, nikautoa mkanda mweusi wa mpira wenye meno upande wa ndani. Ni mkanda wa taimingi wa injini ya dizeli. Nilipouweka humo nilikuwa kijana, nao ulikuwa laini kama mkanda mpya. Haujaona barabara tena tangu siku hiyo, wala joto, wala mafuta. Nikaukunja kidogo kwa vidole, nao ukapasuka mistari mgongoni, mistari mingi midogo kama udongo wa Trans-Nzoia mwezi wa pili. Nilicheka peke yangu chumbani. Wekesa alikuwa ameniambia hivyo hivyo: mpira huzeeka hata ukiwa umelala.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya dini, nikaletwa Kitale kusaidia kazi za msikiti, na kwa kuwa nilijua kuendesha, nikakabidhiwa gari. Lilikuwa gari la wakfu, la dizeli, lililotoka Japani likiwa limeshatumika, zawadi ya mfanyabiashara mmoja aliyetaka thawabu bila kutajwa jina. Lilibeba wagonjwa na maiti, na kila wiki lilipeleka walimu na vitabu Kimilili na Bungoma. Chumba changu kilikuwa nyuma ya msikiti, godoro upande mmoja na magunia ya mahindi ya zaka upande mwingine, na ukuta wa mbao ulionitenganisha na chumba cha kamati. Kupitia mbao zile nilisikia kila kitu: kikohozi cha Mzee Shaban, mwenyekiti, vikombe vya chai ya tangawizi vikigongana, na mijadala ambayo haikunihusu mpaka siku iliponihusu.

Siku ya kwanza niliyowasha gari niliona taa ndogo ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi. Nilimuuliza dereva aliyekuwa akinikabidhi. "Hiyo? Iliwaka kitambo, hata kabla mita isimame," akasema. "Si haijaleta neno. Ni kama mzee wa kijiji, inaangalia tu." Mita ya kilomita nayo ilikuwa imekufa, namba zake zimeganda. Nikalikubali gari kama lilivyo. Lakini taa ile ilinikera macho, na abiria wakawa wananiuliza kama gari ni zima. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo nadhani ni mtu wa msikitini tu angeweza kulifanya. Nilikuwa na karatasi za kubandika zenye maandishi ya Mashaallah, zilizobaki baada ya Idi. Nikachukua moja, ya rangi ya dhahabu, nikaibandika juu ya taa. Ilikaa vizuri sana. Hata Mzee Shaban alipopanda aliisifu: "Sasa gari limevaa."

Wakati wa palizi tulitoka Kitale na maiti ya mzee mmoja ambaye watu wake walitaka azikwe Bungoma. Wanawe wawili walikaa nyuma pamoja na jeneza. Tulikuwa tumekaribia Kamukuywa, asubuhi nzuri, mahindi ya mashambani yamefika magotini, injini ilipozima. Haikulia wala kutoa moshi. Ilinyamaza kama mtu aliyeacha sentensi katikati. Mara usukani ukawa mzito, na nilipokanyaga breki niliikuta ngumu kama nakanyaga jiwe. Nashukuru pale palikuwa tambarare. Gari liliserereka taratibu likasimama kando. Nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama cherehani isiyotiwa uzi. Nikasema Bismillahi, nikapiga tena. Nikasoma dua nilizozijua, nikapiga tena na tena. Mwana mkubwa wa marehemu akaniinamia kutoka nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Ustadh, baba alikuwa mtu wa haraka maisha yake yote. Leo ndiye anangoja." Hakusema kwa ubaya. Lakini hata leo, nikiwa nimezika watu wengi, maneno yale bado yananikaa kifuani.

Mama mmoja alitoka shambani na jembe mkononi. "Kuna maiti ndani? Mungu wangu! Ngojeni, msiguse kitu, tuko na trakta." Akamwita mumewe. Watu wale walikuwa Wakristo, hatukujuana hata kwa jina. Walifagia tela la trakta, mama akavua leso aliyojifunga juu ya gauni lake akaitandika chini, na wanaume wakavua kofia tulipolihamisha jeneza. Mwendo wa trakta ni mwendo wa trakta. Tulifika makaburini jua likiwa limeinama, tukamzika kwa haraka kabla ya magharibi. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kuanzia siku ile nilibaki na swali moja tu: je, mimi ni mtu wa kukabidhiwa watu?

Lori lililikokota gari hadi Bungoma, na dereva wa lori ndiye aliyetupeleka kwa Wekesa. Gereji yake ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa mabati, na katikati banda moja safi kuliko madrasa yetu. Spana zilitundikwa kwa ukubwa wake, na nyuma ya kila moja alikuwa amechora umbo lake ukutani, ili ikikosekana ukuta wenyewe useme. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na alisema 'gali' badala ya 'gari' maisha yake yote. Hakugusa boneti kwanza. Aliniuliza, "Gali ilizima, halafu ulipiga stata mara ngapi?"

"Labda ishirini."

"Ati ishirini! Na kila mara ulisema nini?"

"Bismillahi."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi mara hizo zote Mungu alikuwa anakujibu, 'Wacha!'"

Alipofungua kifuniko cha mbele ya injini, makombo meusi ya mpira yalimwagika kama majani ya chai. Mkanda ulikuwa umebaki utepe. Meno yake yalikuwa yameng'oka sehemu ya urefu wa kiganja. Akaniita nikaribie. Akanionyesha puli ya chini, ya kranki, inayopandisha na kushusha pistoni, na puli ya juu, ya kemi, inayofungua na kufunga valvu. "Hawa ni wake wenza na jiko ni moja," alisema. "Pistoni akipanda, valvu awe ametoka. Valvu akiingia, pistoni awe ameshuka. Huu mkanda ndio unawapangia zamu. Mkanda ukikatika, wanakutana mlangoni na sufulia mkononi." Kisha akafungua kichwa cha injini nikaziona valvu zimepinda, na juu ya pistoni alama za mwezi mwandamo pale zilipogongwa.

Ndipo akaingia kwenye kiti cha dereva, akaona ile karatasi ya dhahabu. Akazungusha ufunguo hatua moja, akaibandua polepole kwa ukucha ili isichanike, na chini yake taa ya chungwa ikawa inawaka, kama ilivyowaka miezi yote ile. Alinieleza kwamba magari ya aina hiyo yametiwa taa hiyo makusudi, iwake pindi kilomita za mkanda zinapotimia. Niliona aibu iliyonishusha macho. Nilidhani atacheka, na angekuwa na haki. Badala yake alifuta mkono wake kwa kitambaa safi, akaenda akaibandika ile karatasi juu ya kioo cha mbele, pale ambapo kila mtu angeiona. "Jina la Mungu halifichi kitu, Ustadh," akasema. "Liweke mahali linaonekana." Nimehudhuria darsa nyingi za wanazuoni. Sikumbuki nyingine iliyochukua muda mfupi vile ikanishika muda mrefu vile.

Injini ilichukua wiki kadhaa, kwa sababu valvu zilipaswa kutafutwa. Kamati ilinitaka nirudi Kitale, nikaomba kubaki, na Wekesa akanipeleka kwake. Sebule yao ilikuwa na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kalenda ya kanisa, na redio iliyofunikwa kitambaa chake pia kama mtoto. Jioni ya kwanza mkewe, Mama Nafula, alitoka jikoni ameshika jogoo kwa mabawa, akanipa mimi kisu. "Chinja wewe, Ustadh," alisema. "Wewe ukichinja tunakula sisi sote. Sisi tukichinja utakula kabichi, na hiyo ni dhambi nyumbani kwangu." Wekesa akadakia, "Usimwamini. Anaogopa damu." "Naogopa damu na nimezaa sita!" Wiki zote nilizokaa pale, hakuna kuku aliyechinjwa na mkono mwingine. Tulikula kuku yule na ugali wa wimbi na mboga za sagaa zilizolazwa kwenye maziwa, na nilipokwenda kunawa niliwasikia nyuma ya pazia. Mama alisema, "Huyu kijana ameumia. Hata hatazami mtu." Na Wekesa akajibu, "Wacha aumie kidogo. Aliyeumia ndiye ataangalia gali."

Mchana nilishinda gerejini. Alinitengea pembe moja, akaweka boksi safi lililofunuliwa niswalie, na saa ya adhuhuri ilipofika yeye ndiye aliyeweka nyundo chini na kuniambia, "Ustadh, zamu yako." Yeye alikuwa Mkristo wa kuamka na Biblia yake kila asubuhi, wala hatukuwahi kubishana. Nilijifunza kwake kwamba mkanda una njia nyingi za kufa na kilomita ni moja tu kati yake. Upo unaouawa na umri, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka hata gari likilala chini ya mti. Upo unaouawa na mafuta yanayovuja kutoka kwenye sili, ile pete ya kuzuia mafuta, mpira ukavimba ukawa laini kama mkate kwenye chai. Upo unaouawa na beringi ya kuukaza, ambayo mwenye gari alikataa kuibadilisha kwa kuwa bado inazunguka, kisha siku moja ikakwama. Upo unaokazwa kupita kiasi, na upo unaolegezwa ukaruka jino. Na upo unaovunjwa mgongo ukiwa bado dukani, na muuzaji aliyeukunja auingize mfukoni. Alipokwenda kununua wetu aliubeba kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Nilimuuliza jinsi mtu anavyoweza kujua kwamba mkanda wake unakaribia mwisho. "Hajui," alisema. "Breki italia. Klachi itateleza. Huyu hasemi. Ndiyo maana unambadilisha akiwa bado mzima, na watu wanakuona mjinga."

Tatizo letu lilikuwa mita. Bila mita taa ile isingewaka tena hata baada ya miaka kumi, na waya wake haukupatikana. Siku ya mwisho, gari likiwa tayari linanguruma kwa sauti tamu, Wekesa aliona tasbihi yangu imening'inia kwenye kioo cha ndani. Akaniuliza ina punje ngapi. Nikamwambia tisini na tisa. Akahesabu kwa midomo. Kitale hadi Bungoma kwa njia ya Kimilili tuliikadiria kilomita themanini. Safari moja, punje moja. Tasbihi nzima ikawa karibu kilomita elfu nane. "Watengenezaji wanasema laki moja," alisema, "lakini wao hawajaona vumbi yetu. Sisi tusimame tasbihi kumi. Au miaka minne. Kile kitatangulia." Akachukua rangi nyeupe, akaandika tarehe chini ya boneti kwa herufi nzuri za shule, na mbele yake: TASBIHI 10. Nikanunua tasbihi nyingine kwa dhikri yangu. Ile ya kioo nikaifunga uzi mwekundu, nao ukawa unahama punje moja kila nilipozima injini mwisho wa safari.

Nilirudi Kitale nikiwa dereva mwingine. Nilieleza kamati habari ya tasbihi kumi, na wazee waliipenda sana. Mzee Shaban aliisimulia kwa wageni. Baada ya swala ya Ijumaa wangeniuliza, "Ustadh, uzi umefika wapi?" Kwa miezi kadhaa niliona kwamba Mungu amelijibu swali langu.

Kisha Maulidi ikawadia. Mwaka ule ilifanyika Bungoma, na kamati ilikuwa imeahidi kuwachukua watoto wa familia chache za Kiislamu zilizoishi Kapsokwony, juu mlimani, kumi na wanne pamoja na mwalimu wao, ambao hawajawahi kuhudhuria Maulidi kubwa. Anayeijua barabara ya Kapsokwony anajua kwamba kupanda si kazi; kazi ni kushuka. Siku moja kabla, nikiwa Bungoma kupeleka mikeka, nilipita kwa Wekesa kumsalimu tu. Nilipokuwa nikiondoka alinyanyua mkono. Pale gari liliposimama kulikuwa na tone moja la mafuta, dogo kuliko sarafu. Alilichovya kidole, akalinusa, akainama akaangalia lilipoangukia. Akafungua kifuniko cha juu, akaingiza kidole, kikatoka kimelowa. Akakaa chini juu ya tairi, akavua miwani.

"Ni mimi," alisema. "Sili ya kemi. Wakati ule niliirudisha ya zamani, nikaona bado nzuri. Nilikuwa nataka umalize haraka. Mafuta yamefika kwa mkanda."

"Una tasbihi moja na punje ishirini tu," nikamwambia. "Si ulisema kumi?"

"Kumi ni ya mkanda mkavu. Sasa hiyo hesabu imekufa." Akanitazama. "Usiende mlimani na watoto na hii gali."

Sili haikuwepo Bungoma jioni ile. Ilikuwa ije asubuhi kutoka Webuye. Ilikuwa ni lazima nipige simu Kitale. Mzee Shaban alikuwa mtu mwema, nami sitamsema vingine, lakini alikuwa ametoa ahadi mbele ya watu. Asubuhi na mapema alifika gerejini pamoja na wazee wawili, wamevaa kanzu zao za Maulidi, wakasimama kwenye lile banda safi wakiogopa grisi. "Ulituambia kumi, Ustadh," alisema. "Sasa ni moja na kitu. Tukuamini wakati upi? Watoto wamesimama barabarani tangu alfajiri." Kabla sijajibu, Wekesa alijitokeza mbele yangu mikono imechafuka. "Mzee, makosa ni yangu, si yake. Nilirudisha sili ya zamani. Mkanda na sili nitaweka mwenyewe." Nimewaona mafundi wengi tangu siku ile, na wanazuoni wengi pia. Wachache sana nimewaona wakisema 'makosa ni yangu' pale ambapo hakuna mtu angeweza kuyajua.

Mzee Shaban akataka kuuona huo mkanda mbaya. Wekesa akautoa. Na hapa, msomaji wangu, ningependa kukuambia kwamba meno yalidondoka mbele yao. Hayakudondoka. Mkanda ulikuwa mzima. Ulikuwa na unyevu upande mmoja na harufu ya mafuta, lakini meno yote yalikuwepo, makali, na ukikunjwa ulirudi. Mzee mmoja aliupitisha mkononi akasema, "Huu? Huu si mpya, bana?" Wakacheka, si kwa ukali, kama watu wanavyomcheka mtoto aliyemkimbia nyoka kumbe ni kamba. Mzee Shaban hakucheka. Alisema, "Ustadh, weka mkanda huu huu urudi, twende. Ama uache ufunguo hapa mezani."

Nilimwangalia Wekesa. Hakunisaidia. Alikuwa amegeuka anapangusa sili mpya, kwa sababu jambo lile halikuwa lake tena. Nikakumbuka breki ngumu kama jiwe pale Kamukuywa, mahali palipokuwa tambarare. Nikasema, "Mzee wangu, ufunguo nitauacha mezani tukirudi. Lakini leo watoto watashuka na mkanda mpya." Wekesa akaenda kuchukua mkanda mpya. Kazi ikachukua mpaka saa tano. Nilipanda Kapsokwony nikawakuta watoto wamekaa kwenye nyasi, nguo za sikukuu zimejaa vumbi, mdogo wao wa kike wa miaka minane hivi analia kwa hasira. Tukashuka mlima polepole. Injini ilinguruma sawasawa toka kona ya kwanza hadi ya mwisho. Tulipofika Bungoma, maulidi ilikuwa imesomwa na pilau imekwisha. Wapishi waliwakwangulia watoto ukoko.

Jioni, baada ya kuwarudisha watoto na kufika Kitale, niliweka ufunguo kwenye meza ya kamati. Usiku haukuwa umeingia bado nilipowasikia wazee kupitia ukuta wa mbao. "Ni kijana mzuri, lakini ana wasiwasi," alisema mmoja. "Wasiwasi ni maradhi ya wasomi," akajibu mwingine. "Mpeni madrasa, wacha afundishe." Na hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu, kazi niliyoifanya maisha yangu yote na ambayo namshukuru Mungu kwayo kila siku. Sikujua wakati ule kwamba mlango uliofungwa ndio uliokuwa ukifunguliwa. Dereva mpya alinikuta chumbani akaniuliza juu ya ile tasbihi ya uzi mwekundu. Nikamweleza yote, kuanzia punje ya kwanza. Aliianza upya kwa mkanda mpya, na ilipotimia kumi akalipeleka gari kwa Wekesa bila kuambiwa.

Nilikwenda tena Bungoma kabla mwaka haujaisha, kumwambia Wekesa kwamba nimeondolewa kwenye gari. Nilikuwa na uchungu bado. Nilimwambia kwamba hatutajua kamwe kama mkanda ule ungekatika. Alikuwa anakunywa uji, akafuta midomo. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, Ustadh. Ukibadilisha kwa wakati, hakuna hadithi. Fundi ambaye ana hadithi nyingi, muulize alikuwa wapi." Akautoa mkanda ule kwenye msumari, akanipa. Ndio huu uliokaa kwenye sanduku langu.

Jumamosi nilifika Ndalu. Chini ya mahema watu walikuwa wengi, na msemaji mmoja baada ya mwingine alisifu ukarimu wake na uimbaji wake kanisani. Mama Nafula, sasa ajuza anayeshikwa mkono, aliniona akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Huyo Mwislamu aje aseme. Amekula kuku zangu." Nikasimama na mkanda mkononi. Niliwaambia kwamba wengine wametoa ushuhuda wa mambo aliyoyatenda, nami nimekuja kushuhudia yale ambayo hayakutokea: magari ambayo hayakuzima, watu waliofika kwao jioni wakala wakalala, bila kujua kwamba kuna mtu Bungoma alikuwa amebadilisha kitu kilichokuwa bado kizima. Niliona watu wananisikiliza kwa heshima, lakini sikujua kama walinielewa. Ni vigumu kumsifu mtu kwa ukimya.

Baada ya maziko tuliketi kula. Mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule Kimilili, akanijia akanisalimu kwa adabu, kisha akaninyooshea kidole. "Ustadh, nimekusikia na huo mkanda, nikakumbuka. Si ni wewe ulikuja kutuchukua Kapsokwony saa sita, tukakosa pilau? Nililia mpaka Bungoma! Mpaka leo nikiona ukoko nakasirika."

Nilimtazama yule mtoto wa miaka minane, na miwani yake ya kusomea, na mjukuu wake aliyeshika gauni lake, akinilaumu kwa furaha kwa sababu ya sahani ya pilau. Miaka yote hiyo nilikuwa nikisema hatutapata ushahidi. "Ndiyo mimi, mwanangu," nikasema. "Nisamehe."

"Nilishasamehe. Lakini sijasahau."

Nikamuuliza amekujaje. Akanionyesha gari lake dogo kando ya ua. Alisema Wekesa ndiye aliyekuwa fundi wake tangu alipolinunua. Nikamwomba afungue boneti. Akashangaa, lakini alifungua, na hapo, juu ya bati la ndani, kulikuwa na tarehe kwa rangi nyeupe, herufi nzuri za shule, zimetetemeka kidogo kwa uzee. Ilikuwa tarehe ya mwaka jana. Mkanda wake ulikuwa bado na muda mrefu.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulinde katika safari unazozijua na katika ajali ambazo hutazijua kamwe kwa kuwa zilikupita. Akujaalie watu waaminifu katika mambo usiyoweza kuyakagua, akufanye na wewe mmoja wao, na akufikishe nyumbani kwako pilau ikiwa bado ya moto. Amin.